Maneno ya Kale Katika Biblia na Sala za Kiingereza



Jumapili moja, baada ya ibada ya Kiingereza, kijana mmoja wa kwaya alinisubiri mlangoni. Mkononi alikuwa na Kitabu cha Sala cha marehemu babu yake, chenye jalada jeusi lililochakaa, na kidole chake alikuwa amekitia katikati ya kurasa asije akapoteza mahali.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mwalimu, ile sala ya mwisho aliyosoma kasisi leo sikuielewa. Inamwomba Mungu atuzuie katika yote tunayoyatenda. Mtu anaombaje azuiwe na Mungu, halafu hapo hapo anaomba msaada wake?"

Nikatazama pale aliponyoosha kidole. Neno lenyewe ni "prevent". Kijana yule amelijua neno hilo tangu shule ya msingi, na ameliona katika mabango ya zahanati yanayotufundisha kuzuia malaria kwa kulala ndani ya chandarua. Basi kwa Kiingereza anachokijua yeye, sala ile yamwomba Mungu atutendee sisi kama tunavyowatendea mbu. Aliona haya kuuliza mbele za watu, akidhani kwamba ujinga ni wake. Nami nililifurahia swali lake kuliko nilivyoyafurahia mahubiri ya siku ile, na kasisi wetu atanisamehe.

Neno "prevent" lilitoka katika Kilatini, nalo limeunganishwa kwa maneno mawili: "prae", yaani mbele, na "venire", yaani kuja. Kuja mbele ya mtu, kumtangulia. Waingereza walipokiandika Kitabu chao cha Sala maana ilikuwa hiyo hasa. Tunamwomba Mungu atutangulie katika kazi zetu, kisha aendelee kutusaidia tukiwa ndani yake. Lakini mtu akikutangulia katika njia nyembamba aweza pia kukuzibia usipite, na kwa mlango huo maana ya kuzuia ikaingia. Kidogo kidogo ikaifukuza ile ya kwanza, na sala ikabaki vile vile kitabuni.

Ukitaka ushahidi, chukua Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ufungue 1 Wathesalonike 4:15. Paulo anasema habari za watakaokuwa hai siku ya kuja kwake Bwana na wale waliokwisha kulala, na hapo utalikuta "prevent". Kisha fungua Biblia yetu ya Kiswahili mahali pale pale. Utasoma "hatutawatangulia". Umepata jibu bila kamusi. Na si jambo dogo, kwa maana wanatheolojia wanayo neema wanayoiita neema itanguliayo, ile inayomfikia mtu kabla yeye mwenyewe hajaanza kumtafuta Mungu. Kolekti ya Siku ya Pasaka katika kitabu cha mwaka 1662 inaitaja neema hiyo kwa neno hili hili. Anayelisoma kwa maana ya kuzuia amepoteza fundisho zima, na hana habari kwamba amelipoteza.

Kijana alipokwenda zake nikawaza kwamba hayuko peke yake. Nyumba nyingi za mtaa wetu zina Biblia za Kiingereza za zamani zilizorithiwa kwa wazee, na vijana wanayo Biblia hiyo hiyo ya Mfalme James katika simu zao. Wengine huipenda kwa sababu sauti yake ni nzito, wakaona kwamba Kiingereza kigumu ndicho kitakatifu zaidi. Basi nimeona tujifunze maneno machache pamoja.

Kwanza tujue umri wa vitabu hivi. Kitabu cha Sala cha kwanza cha Kiingereza kilitoka mwaka 1549, na kazi kubwa ilikuwa ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer. Kilirekebishwa mara kadhaa, na kile kilichoenea duniani pamoja na Kanisa letu ni cha mwaka 1662. Biblia ya Mfalme James ilipigwa chapa mwaka 1611, lakini sehemu kubwa ya maneno ya Agano Jipya lake ilichukuliwa kutoka tafsiri ya William Tyndale ya mwaka 1526. Tunaposoma, basi, twasikia Kiingereza cha watu waliokufa miaka mia nne, hata karibu mia tano, iliyopita.

Maneno yaliyokufa kabisa hayana hatari. Ukikutana na "wist" utasimama, utauliza, utaambiwa kwamba ni "alijua", utaendelea. Hatari iko katika neno lenye sura ya rafiki. Umelizoea, unapita mbio, wala huna habari kwamba limekwambia jambo jingine.

Hatari hii naijua kwa sababu mimi mwenyewe niliingia ndani yake, tena nikiwa nimesimama mbele ya wanafunzi. Zamani nilipokuwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo cha ualimu, nilikuwa pia mlezi wa kikundi cha wanafunzi wa Kianglikana. Tulikutana kila Alhamisi jioni, tukasoma Biblia kwa Kiingereza ili wapate mazoezi ya lugha. Siku hiyo tulikuwa katika Warumi sura ya 1. Katika mstari wa 13 Paulo awaambia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao, na neno linalofuata ni "let". Nikawaeleza kwamba Paulo alikuwa ameruhusiwa. Binti mmoja aliyeketi karibu na dirisha akanyoosha mkono, akasema, "Samahani, Mwalimu, Biblia yangu ya Kiswahili yasema alizuiliwa."

Nilimjibu kwamba "let" ni kuruhusu, kwamba hilo ni Kiingereza cha mwanzo kabisa, na kwamba asichanganye lugha mbili. Wenzake walicheka. Akaketi, akafunga Biblia yake.

Juma lililofuata nilikuwa maktaba natafuta jambo jingine katika kamusi kubwa ya Oxford, ile ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884 na ya mwisho mwaka 1928. Macho yakaangukia "let". Limeandikwa mara mbili, kwa kuwa ni maneno mawili. Katika Kiingereza cha kale kabisa kulikuwa na kitenzi kimoja cha kuruhusu na kingine cha kuzuia, kila kimoja na umbo lake. Matamshi yakasogeleana, mwisho yakawa sawa. Lugha haiwezi kulibeba kwa muda mrefu neno moja lenye maana mbili zinazopingana, kwa hiyo lile la kuzuia likaachwa. Limebaki mahali pachache tu: katika maandishi ya mwanzo ya pasipoti ya Uingereza, yanayoomba mwenye pasipoti apite bila kizuizi, na katika mchezo wa tenisi, pale mpira wa kuanzia unapogusa wavu na mchezaji akarudia. Ndilo pia lililoko katika 2 Wathesalonike 2:7, ambako Kiswahili chasema "azuiaye".

Binti alikuwa sahihi. Nilimwita barazani nje ya ofisi yangu, nikamwambia. Akasema, "Asante, Mwalimu," akaondoka. Lakini wale waliomcheka hawakuwapo barazani. Nilimwaibisha mbele ya watu thelathini, nikamtengeneza peke yake, na muhula ukaisha sijasimama mbele ya kikundi kuyasema niliyoyasema nje. Kwa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafundisha wengine kufundisha, hilo si kosa la kamusi.

Tangu siku ile nimejiuliza kwa nini nilimwamini Mwingereza wa mwaka 1611 kuliko Kiswahili nilichokuwa nimekishika mkononi. Paulo hakuandika Kiingereza. Aliandika Kiyunani. Biblia ya Mfalme James ni tafsiri, kama ilivyo tafsiri Biblia yetu ya Union iliyotoka nzima mwaka 1952. Hakuna sababu ya moja kuiinamia nyingine. Na kwa kuwa yetu ni changa zaidi kwa zaidi ya miaka mia tatu, mara nyingi ndiyo itakayokufunulia Kiingereza cha kale kilisema nini.

Sasa nawageukia kina mama, kwa sababu liko neno linalowahusu. Nimemsikia kwa masikio yangu mhubiri mgeni akihubiri kutoka 1 Petro 3:1 kwa Kiingereza. Petro anawaambia wake wenye waume wasioamini kwamba waume hao watavutwa kwa "conversation" ya wake zao. Mhubiri akafundisha kwamba mke aketi na mumewe jioni, amzungumzishe kwa upole, amweleze Maandiko, wala asichoke mpaka mume aokoke. Mama mmoja mbele yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba wa kwake amemzungumzisha miaka ishirini.

Maskini mama yule, alikuwa anapewa kazi ambayo Petro hakumpa. Katika Kiingereza cha siku zile "conversation" haikuwa mazungumzo. Ilikuwa namna mtu anavyoishi na kuenenda kati ya watu. Kiswahili chasema wazi: "mwenendo". Petro mwenyewe aongeza katika mstari ule ule kwamba wavutwe pasipo neno. Yaani mhubiri aliwafundisha kinyume kabisa cha mtume, tena akiwa ameifungua Biblia mbele yake. Neno hilo limo mahali pengi katika nyaraka, na karibu kila mahali ni mwenendo. Wafilipi 1:27 ni mfano mmoja.

Neno lingine lililoleta ugomvi tangu zamani ni "charity". Leo maana yake ni misaada kwa wahitaji: nguo za mitumba, michango, chama cha kuwatunza yatima. Katika Biblia ya Mfalme James ndilo neno la 1 Wakorintho sura ya 13, ile sura isomwayo katika arusi nyingi. Msomaji wa leo akifika mstari wa 3 anakwama, maana Paulo anasema kwamba mtu aweza kuwapa maskini mali yake yote, asiwe na "charity". Itawezekanaje? Kama "charity" ni kuwapa maskini, mtu huyu amewapa kila kitu! Kiswahili hakina tatizo hilo, kwa kuwa kimeandika "upendo".

Neno hilo lina historia. Katika Biblia ya Kilatini, iliyotumika katika Ulaya ya magharibi kwa karne nyingi, upendo wa sura hii uliitwa "caritas", na "charity" ni mtoto wa neno hilo. Tyndale alipotafsiri kutoka Kiyunani mwaka 1526 aliliacha, akaandika "love", neno la kawaida ambalo kila mkulima wa Uingereza alilijua. Thomas More, mwanasheria na msomi mkubwa, alimshambulia kwa maandishi mwaka 1529. Kwake, kuliondoa neno la Kanisa na kuweka neno la mtaani kulikuwa mlango wa uzushi. Tyndale akamjibu. Wote wawili walikufa vibaya, kila mmoja kwa imani yake: More alikatwa kichwa mwaka 1535, naye Tyndale alinyongwa na mwili wake ukachomwa moto mwaka 1536. Watafsiri wa Mfalme James, ambao mahali pengi sana walimfuata Tyndale, katika sura hii walirudi kwa "charity". Ikapita miaka 270 kabla tafsiri iliyorekebishwa ya mwaka 1881 kuleta tena "love". Nimeieleza habari hii kwa urefu ili vijana wanaobishana juu ya tafsiri wajue kwamba ubishi huo si wa jana, na kwamba upande wa neno rahisi umekuwa na mashahidi wake.

Tukiwa bado katika arusi, niseme juu ya "helpmeet". Wasemaji katika karamu hulipenda neno hili, wakimpongeza bwana arusi kwamba leo amepata "helpmeet" wake, kana kwamba ni jina la mtu wa kumpikia na kumfulia. Hakuna neno hilo katika Mwanzo 2:18. Yako maneno mawili yanayofuatana, "help" na "meet". La kwanza ni msaidizi. La pili, siku zile, lilikuwa sifa yenye maana ya kufaa, kustahili, kulingana. Ndilo ambalo watu huitikia katika Ushirika Mtakatifu wa mwaka 1662, wanapokubali kwamba kumshukuru Mungu kwafaa. Waliokuja baadaye, wasiolijua tena, waliyabandika mawili yakawa moja, na wengine wakaligeuza liwe "helpmate". Katika kubandika huko nusu ya maana ikaanguka njiani. Biblia yetu yasema "msaidizi wa kufanana naye". Msaidizi pekee na msaidizi wa kufanana naye si mamoja, na bibi arusi ana haki ya kusikia yote mawili.

Katika ibada ile ya zamani ya ndoa bwana arusi huahidi pia kwamba kwa mwili wake atam-"worship" mkewe, na najua wazee wa kanisa waliowahi kushtuka kwa hilo. Wasishtuke. Neno hili limetokana na "worth", yaani thamani, na zamani lilikuwa heshima apewayo yeyote astahiliye, si Mungu peke yake. Ndiyo sababu mameya na mahakimu waliofuata desturi za Kiingereza wameitwa "Your Worship", wala hakuna aliyewaabudu.

Na kama tumefika kwa mahakimu, iko sala ndani ya Ushirika Mtakatifu wa mwaka 1662 inayowaombea wenye mamlaka watoe hukumu "indifferently". Kwa Kiingereza cha leo huyo ni hakimu asiyejali, anayepiga miayo huku mjane anaeleza jinsi shamba lake lilivyochukuliwa. Ukiisikiliza sala hiyo kwa masikio ya leo utadhani imejibiwa mahali pengi. Lakini Cranmer na wenzake walitaka kinyume. Kwao neno hilo lilikuwa kutotofautisha: asiyetofautisha tajiri na maskini, ndugu na mgeni, bila upendeleo wala kuangalia uso wa mtu. Tungefanya vema kuiomba kwa maana hiyo.

Ya "quick" na "ghost" sitayachelewesha. "Quick" katika Imani ya Mitume si wenye mbio; ni walio hai, kama 2 Timotheo 4:1 inavyosema katika Kiswahili. Waingereza bado huiita zebaki "quicksilver", yaani fedha iliyo hai, kwa jinsi inavyokimbia-kimbia kwenye sahani. "Ghost" lilikuwa neno la kawaida la roho kabla halijahamia kwa mizimu na hadithi za kutisha watoto. Nalo "suffer" lilikuwa na kazi mbili. Katika Imani ni kuteswa, sawa na leo. Lakini katika Marko 10:14 ni kuacha au kuruhusu, na Kiswahili chasema "waacheni". Yesu hakusema watoto wateseke ndipo waje kwake. Nasikitika kwamba wako waliokuzwa kwa fimbo juu ya neno hilo.

Nitakaa kidogo kwa "thou", maana hapo watu wengi wamekosea, na hapo ndipo Kiingereza cha kale kina jambo la kutupa.

Wengi hudhani kwamba "thou" ni neno la heshima kuu, kwa sababu wamelisikia likisemwa kwa Mungu tu. Wako ndugu wanaoona kwamba kumwambia Mungu "you" ni utovu wa adabu. Ukweli ni kwamba "thou" ni "wewe", na "ye" ni "ninyi". Basi. Baadaye Waingereza walianza kumsemesha mkubwa kwa wingi, kama inavyofanyika katika lugha zetu kadhaa za nyumbani, na "you" ikawa ya heshima. "Thou" ikabaki kwa mtoto, rafiki wa karibu, mtumishi, na Mungu. Katika karne ya 17 wafuasi wa George Fox, ambao leo twawajua huku kwetu kama Kanisa la Marafiki, walikataa desturi hiyo. Walimwambia hakimu "thou" kama walivyomwambia mchunga kondoo, na wengine walipigwa na kufungwa kwa ajili ya kiwakilishi kimoja. Kwa hiyo anayemwambia Mungu "thou" hamwinui juu sana. Anamsemesha kama mtoto anavyomsemesha baba nyumbani, na hilo lina uzuri wake.

Kiingereza cha leo kimepoteza tofauti hiyo. "You" ni mmoja, "you" ni wengi. Lakini Biblia ya Mfalme James iliitunza, na Kiswahili nacho kinayo. Fungua Luka 22:31 na 32. Yesu asema na Simoni usiku ule wa kukamatwa. Katika Kiingereza cha leo chaweza kusikika kwamba Shetani anamtaka Petro na Yesu amemwombea Petro. Sivyo. Katika mstari wa 31 Shetani amewataka "ninyi", wote, mitume wote wapepetwe kama ngano. Katika mstari wa 32 Yesu amemwombea "wewe", mmoja, ili akiisha kuongoka awaimarishe ndugu zake. Hatari ni ya wote. Sala imewekwa juu ya mmoja kwa ajili ya wote. Mzee wetu asiyejua neno moja la Kiingereza huliona hilo mara moja katika Biblia yake ya Kiswahili, lakini msomi mwenye tafsiri mpya ya Kiingereza aweza kulipita asilione.

Ombi moja kwa wanaopenda kusali kwa "thou": basi salini kwa sarufi yake. "Thou" huenda na "-est", na "-eth" ni ya mtu wa tatu. Ni "thou knowest" na "he knoweth". Ndugu anayesali "Thou knoweth" amesema kitu kama "wewe anajua". Bwana anasikia sala zote, lakini mwalimu mstaafu aliyeketi benchi la nyuma anaumia.

Msidhani nimejifunza haya yote kwa akili. Nilipoanza kazi nilichora ubaoni mahindi mazuri, yenye majani na nywele zake, nikiwaeleza watoto jinsi wanafunzi wa Yesu walivyopita shambani siku ya sabato, Marko 2:23. Kiingereza kilisema "corn". Kumbe "corn" ya Mfalme James ni nafaka yoyote, na hapo ni ngano au shayiri. Mahindi asili yake ni bara la Amerika, na katika siku za Bwana wetu hapakuwa na hata punje moja katika Uyahudi wala Galilaya. Kiswahili kilikuwa kimeandika "masuke". Ningalikisoma, ningalichora masuke. Vivyo hivyo "meat" ilikuwa chakula chochote, na ndiyo sababu katika Mambo ya Walawi sura ya 2 iko "meat offering" isiyo na nyama ndani yake. Ni sadaka ya unga.

Tusije tukajisifu, lakini. Lugha yetu nayo inatembea. Katika Marko 6:25 binti wa Herodia anataka kichwa cha Yohana Mbatizaji katika "charger". Kijana wa leo akilisikia neno hilo anafikiri juu ya kifaa cha kutia simu chaji, kumbe ni sahani kubwa. Nikamwelekeza kijana mmoja kwenye Biblia ya Kiswahili, naye akasoma "kombe". Akaniuliza, "Kama Kombe la Dunia, Mwalimu?" Nikakaa kimya. Kombe alilolijua mfasiri ni sahani kubwa ya kupakulia. Kombe alijualo kijana huinuliwa juu na nahodha wa timu. Na katika mstari ule ule kwa Kiingereza binti anataka apewe "by and by", ambayo leo ni baadaye baadaye, lakini siku zile ilikuwa papo hapo. Hapo Kiswahili bado kinatulinda: "sasa hivi".

Angalieni pia neno "hata". Vijana wanalijua kwa maana ya "hata mimi", lakini katika Biblia ya Union mara nyingi ni "mpaka" au "ilipofika wakati". Nimemsikia msomaji madhabahuni akiitamka "hata" ya namna hiyo kwa mkazo wa kushangaa, na sentensi yote ikapinda. Wasomaji wetu wa zamu na wajizoeze kusoma nyumbani kabla ya Jumapili, na asiyeelewa neno aulize. Kijana yule aliyenisubiri mlangoni sasa yuko katika orodha ya wasomaji, na babu yake angalifurahi.

Kwa toleo lijalo ninawaachia kazi, nanyi mwaweza kuifanya nyumbani mkiwa na Biblia mbili, ya Mfalme James na ya Union. Tafuteni "leasing" katika Zaburi 5:6. Benki wanalitumia neno hili kwa ukodishaji, lakini Daudi hakuwa na haja ya benki. Tazameni tini zinazoitwa "naughty" katika Yeremia 24:2. Mtafute "carriages" katika Matendo 21:15, mwone kama Paulo na wenzake walipanda magari. Na wale wanaopenda mahubiri ya utajiri walitazame kwa uangalifu neno "wealth" katika 1 Wakorintho 10:24, waone Paulo anataka kila mtu atafute utajiri wa nani. Andikeni majibu kwenye karatasi pamoja na jina lako na la mtaa wako, myatie katika kisanduku kilicho karibu na mlango wa vestri. Nitayasahihisha yote, kwa kalamu nyekundu kama zamani.